Bunduki Inapokwama: Kusoma Hitilafu za Bunduki ya Nusu-Otomatiki

Bunduki ya nusu-otomatiki hufanya kazi mbili kwa baruti ya risasi moja. Kwanza hukisukuma kichwa cha risasi kitoke mtutuni. Pili hujiendesha yenyewe: hutoa ganda tupu, huikoki nyundo na kupakia risasi nyingine, mpigaji akabaki na kazi ya kuvuta kifyatulio tu. Kazi hii ya pili ndiyo inayoleta taabu. Bunduki ya kukoki kwa mkono ikikataa, mkono huhisi palipokwama: komeo limekuwa zito kufunguka, au risasi imegonga ukingo wa chemba. Kwenye nusu-otomatiki hakuna mkono unaohisi chochote. Mpigaji husikia mlio, kisha akivuta tena kifyatulio anakuta hakuna kinachotokea. Kinachobaki ni ushahidi: komeo limesimama wapi, ganda liko wapi na lina alama gani, risasi inayofuata imekaaje. Anayekimbilia kukoki upya kabla ya kutazama huufuta ushahidi huo kwa mkono wake mwenyewe.

Mzunguko mzima una hatua chache zinazofuatana bila kuruka. Nyundo hupiga pini, pini hupiga fataki, baruti huwaka. Kichwa cha risasi kinapokwenda, nguvu fulani hulifungua komeo na kulirudisha nyuma. Kulabu iliyo usoni mwa komeo hulivuta ganda kutoka chembani, na kipande kingine hulipiga teke likarukia nje. Komeo huendelea nyuma, huikoki nyundo, huibana springi ya kurudishia, kisha springi hiyo hulirudisha mbele. Njiani komeo huikwangua risasi ya juu kutoka kwenye magazini, huisukuma chembani na kujifunga. Katika jamii ya M16 ikipiga mfululizo kwa kasi ya risasi 800 kwa dakika, mzunguko huu wote hukamilika ndani ya sekunde 0.075. Ikipigwa risasi mojamoja komeo huenda kwa mwendo uleule. Tofauti ni kwamba nyundo husubiri kidole. Kwa hiyo kila sehemu lazima iwe mahali pake kwa wakati wake, kwa kuwa hakuna nafasi ya kusubiriana.

Chanzo cha nguvu hiyo hutofautiana, na aina ya bunduki ndiyo inayoamua hitilafu itafutwe wapi. Garand ya Marekani, SVT-40 na SKS za Urusi ya Kisovieti, na FAL ya Ubelgiji huchota gesi kidogo kupitia tundu la mtutu na kuitumia kusukuma pistoni au fimbo. AR-15 huipeleka gesi hiyo kwa mrija mwembamba hadi ndani ya kibebeo cha komeo chenyewe. Jamii ya G3 ya Ujerumani, bunduki ambayo polisi wa Kenya wameibeba kwa miaka mingi, haina tundu la gesi kabisa. Komeo lake hucheleweshwa na gololi mbili za mviringo mrefu hadi shinikizo lipungue. Bunduki ndogo za risasi ya .22, kama Ruger 10/22 iliyotoka mwaka 1964, hutegemea uzito wa komeo na springi tu. Kwa hiyo ushauri wa kusafisha bomba la gesi, ambao ni sahihi kwa SKS, hauna maana yoyote kwa G3.

Kabla ya uchunguzi wowote, mtutu huelekezwa mahali salama, kidole hutoka kwenye kifyatulio na magazini hutolewa. Hali mbili hudai tahadhari ya pekee. Kifyatulio kikivutwa na risasi isilie, mtutu huachwa umeelekea shabaha kwa angalau sekunde 30, kwa kuwa baruti nyingine huwaka kwa kuchelewa. Na mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, kana kwamba ni fataki peke yake iliyolia, hairuhusiwi kupakia risasi nyingine hadi mtutu uangaliwe, kwa kuwa kichwa cha risasi huenda kimebaki ndani. Risasi itakayofuata inaweza kuupasua mtutu. Komeo lisilofika mwisho katika tukio la namna hiyo ni bahati njema, na kulisukuma kwa nguvu ni hatari kubwa.

Baada ya hapo husomwa mahali komeo liliposimama. Ganda likibaki chembani na komeo likiwa limejaribu kuingiza risasi nyingine nyuma yake, kosa ni la kuvuta: kulabu, chemba chafu au muda mbaya wa kufunguka. Ganda likitoka chembani lakini likabanwa mlangoni, limesimama wima kama bomba la jiko, kosa ni la kurusha, au komeo halikurudi kwa nguvu ya kutosha. Chemba ikiwa tupu, ganda limeruka, na risasi mpya bado iko magazini, basi komeo ama halikufika nyuma ya risasi hiyo ama lilipita kabla risasi haijapanda. Komeo likiwa limeisukuma risasi lakini likabaki milimita chache kabla ya kufunga, hutazamwa springi ya kurudishia, uchafu wa chemba, au risasi yenyewe kama imevimba. Na kila kitu kikiwa mahali pake huku fataki ikiwa na kidoa hafifu, tatizo liko kwa nyundo na pini au kwa fataki, wala gesi haihusiki.

Mtuhumiwa wa kwanza ni magazini, na wengi humfikia mwisho. Magazini ni bati jembamba lililokunjwa, huangushwa, hukanyagwa, hukaa miaka imejaa, lakini ndiyo inayoamua risasi itakaa kwa pembe gani komeo linapoifikia. Midomo yake ikitanuka kidogo, risasi huinua pua na kugonga juu ya chemba. Ikibanwa, risasi haiachii. Springi ikichoka, risasi za mwanzo hupanda vizuri na za mwisho huchelewa, au kinyume chake: magazini iliyojazwa kupita kiasi hukataa risasi ya kwanza kisha ikatulia. Hitilafu inayorudi kwenye risasi ileile kila mara ni dalili nzuri ya kulitazama bati kabla ya chuma. Njia ya kuthibitisha ni rahisi kiasi kwamba inashangaza jinsi inavyosahaulika: magazini zote hupewa namba kwa rangi au kalamu, na kila mkwamo huandikwa pamoja na namba ya magazini na nafasi ya risasi. Namba moja ikijirudia, kesi imekwisha.

Historia ya Garand ina mfano unaoonyesha kuwa dalili hiyo inaweza pia kudanganya. Bunduki hiyo, iliyokubaliwa na jeshi la Marekani mwaka 1936, hupakiwa risasi 8 zikiwa zimeshikwa pamoja na klipu moja ya bati. Katika uzalishaji wa mwanzo ilianza kukwama kwenye risasi ya 7. Klipu zilishukiwa, springi zikashukiwa. Chanzo kilipopatikana kilikuwa kwenye mwili wa bunduki: kiwandani Springfield chombo cha kukatia chuma kilikuwa kimeondoa sehemu ya ukingo mdogo unaoiongoza risasi, na risasi ya 7 ndiyo iliyokuwa ikiutegemea ukingo huo. Kujirudia kwa namba kulikuwa ushahidi wa kweli. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kila kinachohusu mpangilio wa risasi lazima kitoke kwenye kile kinachozishika.

Risasi yenyewe ni ya pili. Bunduki ya nusu-otomatiki imepimwa kwa nguvu fulani ya baruti, na nje ya kiwango hicho haina deni kwa mtu. Ruger 10/22 huweza kubana inapopewa risasi za mwendo wa chini ya sauti ikiwa msukumo wake hautoshi kulifikisha komeo nyuma; bunduki haijaharibika. Risasi zilizopakiwa upya nyumbani huleta mkwamo ikiwa ganda halikurudishwa kwenye kipimo chake. Maganda ya chuma nayo yamezungukwa na hadithi: husemekana kwamba rangi yake ya kinga huyeyuka na kuganda chembani. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba chuma hakitanuki kwa wepesi kama shaba nyeupe, kwa hiyo ganda halizibi vizuri ukuta wa chemba na masizi hupita pembeni. Mpigaji akibadili ghafla kwenda maganda ya shaba, ganda hilo hutanuka juu ya masizi yaliyotangulia na kushikwa. Lawama huangukia risasi mpya, wakati kosa liliachwa na ile ya zamani.

Mafuta na uchafu hufuata. Hapa ushauri wa jumla hufanya madhara, maana unasema ama paka mafuta zaidi ama paka kidogo, bila kusema wapi. Sehemu zinazosuguana chini ya mzigo zinahitaji kilainisho: reli za kibebeo cha komeo, meno ya kufungia, mahali komeo linapogeukia. Chemba, magazini, njia ya pini na pistoni hazihitaji. Mafuta chembani ni hatari, kwa kuwa ganda lenye mafuta haliushiki ukuta na huligonga komeo kwa nguvu zaidi. Mafuta yaliyochanganyika na vumbi laini huwa tope la kusagia chuma. Ndiyo maana vibebeo vya komeo vya FAL ya Waingereza, L1A1, vilichongwa mifereji ya kuukusanya mchanga usibanwe kati ya vyuma. Mvua nayo ina adhabu yake. Garand iliyoloshwa na mvua kubwa ilipoteza mafuta kwenye meno ya komeo na fimbo, vyuma vikaumana, na bunduki ikawa ngumu kufunguka. Jibu halikuwa kubadili chuma bali kutumia grisi nzito isiyosombwa na maji, na hadi leo wamiliki wa Garand huipaka grisi mahali palepale.

Kuvuta ganda kunastahili maelezo zaidi, kwa kuwa ndipo hitilafu moja huficha nyingine. Kilele cha shinikizo la risasi ya .223 hufika takriban angahewa 3,700, na katika nukta hiyo ganda hutanuka likabana ukuta wa chemba kama kizibo cha chupa. Shinikizo likishuka, shaba hunywea kidogo na kuachia. Kulabu ikivuta mapema mno, hukuta ganda bado limeshika: ama huteleza, ama hukata kipande cha ukingo wa ganda na kuliacha ndani. Kwa hiyo ganda lililobaki chembani si lazima liwe kosa la kulabu. Huchunguzwa ukingo wake. Ukiwa mzima bila alama, kulabu haikushika: imevunjika ncha, springi yake imechoka, au masizi yamejaa chini yake. Ukiwa umenyofoka, kulabu ilishika vizuri sana, na kosa liko kwenye chemba chafu au yenye kutu, au komeo linafunguka kabla ya wakati.

Kisa cha M16 nchini Vietnam ni fundisho kamili la jambo hilo. Ingawa bunduki hiyo hupiga pia mfululizo, mitambo yake ya gesi na komeo ni ileile ya AR-15 ya nusu-otomatiki. Ilipofika vitani katikati ya miaka ya 1960, askari walikuta maganda yameng'ang'ania chembani, na baadhi yao walifunga fimbo ya kusafishia ubavuni mwa bunduki ili wayasukume maganda kutoka mdomoni mwa mtutu, adui akiwa mbele yao. Walikufa watu wakiwa na bunduki zilizobana mikononi. Maelezo ya haraka yalikuwa kwamba askari hawasafishi silaha zao. Kamati ndogo ya Bunge la Marekani chini ya Richard Ichord, iliyochunguza suala hilo mwaka 1967, ilikuta mnyororo mrefu zaidi. Baruti iliyotumika wakati bunduki inabuniwa ilibadilishwa na baruti ya chembe za mviringo. Shinikizo kwenye tundu la gesi likapanda, komeo likaanza kwenda kasi kuliko lilivyopangiwa, likavuta ganda mapema, na masizi yakaongezeka. Chemba haikupakwa kromiamu, ingawa ile ya M14 iliyotangulia ilipakwa, hivyo unyevu wa Vietnam uliitoboa kwa kutu. Vifaa vya kusafishia havikutosha, na ilikuwa imeenea imani kwamba bunduki hiyo haihitaji kusafishwa sana.

Kila kiungo peke yake kingevumilika. Vikikutana, bunduki ilikwama. Kumlaumu askari aliyepewa silaha bila kitambaa wala fimbo ilikuwa dhuluma, na pia ilikuwa uchunguzi mbovu, kwa kuwa ilitaja dalili mahali pa chanzo. Marekebisho yalifuata mnyororo wote: chemba ikapakwa kromiamu, kizuizi cha nyuma ya komeo kikaongezwa uzito ili kupunguza mwendo, vifaa vya kusafishia vikagawiwa, na mwaka 1968 jeshi likatoa kijitabu cha matunzo kilichochorwa katuni na Will Eisner, ili askari kijana akisome kwa hiari. G3 ililitatua tatizo la kuvuta kwa njia nyingine: chemba yake ina mifereji ya urefu inayopitisha gesi nje ya ganda, likaelea badala ya kushika ukuta. Mistari myeusi juu ya maganda yake ni alama ya kawaida ya bunduki yenye afya. Mifereji hiyo ikijaa masizi, hata hivyo, faida yote hupotea.

Gesi ndiyo sehemu inayolaumiwa zaidi na kueleweka kidogo. Ikipungua, komeo hurudi nusu njia: ganda huanguka karibu, nyundo huenda isikokiwe, risasi mpya haichukuliwi, na baada ya risasi ya mwisho komeo halibaki wazi. Sababu hutafutwa kwanza mahali gesi inapovuja: kwenye AR-15, skrubu za kishikio cha gesi juu ya kibebeo zimelegea au kipande cha mbele kimehama kisikae sawa juu ya tundu; kwenye bunduki ya pistoni, masizi magumu yameibana pistoni au bomba limebonyea. Majeshi yalipojaribu kuepuka kutoboa mtutu yaliyapata matatizo hayo kwa wingi. Garand za kwanza zilidaka gesi mdomoni mwa mtutu, na zikabadilishwa baada ya miaka michache tu kuwa na tundu la kawaida. Gewehr 41 ya Ujerumani ilishikilia mtindo huo wa mdomoni. Ikawa nzito, ikajaa masizi na kushika kutu, hadi Gewehr 43 ilipochukua mfumo wa pistoni wa SVT-40.

Gesi ikizidi, mambo huwa magumu kusoma, kwa sababu dalili hufanana na za upungufu. Komeo huenda kasi mno, hugonga nyuma na kurudi kabla springi ya magazini haijaipandisha risasi, likapita juu yake. Mpigaji huona chemba tupu na kuamua gesi haitoshi, kisha analitanua tundu. Hivyo hulizidisha lile lile lililomsumbua, na chuma kilichotobolewa hakirudi. Maganda huwatenganisha wawili hawa. AR-15 iliyo sawa, mtutu ukichukuliwa kuwa unaelekea namba 12 ya uso wa saa, huyarusha kati ya namba 3 na 4. Yakienda mbele kuelekea namba 1 au 2 kwa nguvu, komeo lina kasi kupita kiasi. Yakidondoka kuelekea namba 5, limechoka. Kipimo hiki hakihamishwi ovyo: Garand nzima hurusha mbele kulia kwa kawaida yake, na anayeitibu kwa kanuni ya AR-15 ataiharibu bunduki isiyo na ugonjwa.

Bunduki zenye kidhibiti cha gesi humwokoa mwenyewe na ubashiri. SVT-40 ina nafasi tano, na kanuni ni kutumia ndogo kabisa inayofanya kazi. FAL huwekwa kwa utaratibu: kidhibiti hufunguliwa hadi gesi nyingi ipotee nje, risasi moja huwekwa magazini na kupigwa; komeo lisipobaki wazi, kidhibiti hufungwa hatua moja na jaribio hurudiwa. Likibaki wazi mfululizo, huongezwa hatua moja au mbili kwa ajili ya uchafu na baridi, kisha huachwa hapo. Wanaokifunga chote ili bunduki ipige bila shaka hupata kweli bunduki inayopiga, lakini pia bega linaloumia na vyuma vinavyochoka kabla ya wakati.

Springi hazihitaji maneno mengi: ni vitu vya kubadilishwa, na bei yake ni ndogo kuliko ya risasi zinazopotezwa kuzichunguza. Springi ya kurudishia hulinganishwa urefu na mpya. Kuweka nzito zaidi ili kutibu komeo lisilofunga huweza kuzaa komeo lisilorudi nyuma.

Kutolia kwa risasi huchunguzwa kwa kidoa cha fataki. Kidoa kirefu juu ya risasi isiyolia huelekeza lawama kwa risasi. Kidoa hafifu huelekeza kwa springi ya nyundo, pini iliyovunjika, au komeo lisilofunga kabisa. SKS inadai angalizo la ziada. Pini yake huelea bila springi katika matoleo mengi, na bunduki zilizotoka ghalani hujaa grisi ya kuhifadhia iliyoganda. Pini ikinatwa na grisi hiyo ikiwa imechomoza mbele, risasi inaweza kulia yenyewe komeo linapofunga, na nyingine zikafuatia bila kidole. Komeo la SKS ya ghalani hufunguliwa na kuoshwa hadi pini iteleze huku na huku kwa kutikiswa tu, kabla ya risasi ya kwanza kupakiwa.

Kuna vipimo ambavyo havimalizwi kwa macho. Nafasi kati ya uso wa komeo na ganda hupimwa kwa geji maalumu na fundi wa silaha mwenye leseni. Kwenye G3 mwanya kati ya kichwa cha komeo na kibebeo chake hupimwa kwa geji ya majani ya chuma na unapaswa kuwa kati ya milimita 0.1 na 0.5; ukipungua mno, gololi hubadilishwa kwa zenye kipenyo kikubwa kidogo. Maganda yenye mstari wa mpasuko karibu na kitako, au fataki zilizotobolewa na kusukumwa nje, ni sababu ya kuacha kupiga siku hiyo.

Tiba yoyote hufanywa moja kwa wakati, na huthibitishwa kwa mpangilio: risasi moja magazini ili kuona kama komeo linabaki wazi, risasi mbili ili kuona kama linachukua, kisha magazini iliyojaa. Baada ya hapo hurudiwa bunduki ikiwa ya moto, kwa magazini zote zilizopewa namba, na mara ya mwisho ikiwa imechafuka kwa upigaji wa siku nzima, kwa kuwa bunduki inayofanya kazi ikiwa safi tu bado haijapona.